Goti la Refa

Pale Iguguno hakuna aliyemwita kwa jina lake, na nadhani hata mkewe alikuwa ameanza kulisahau. Alikuwa Refa. Watoto wa shule walimwamkia, "Shikamoo Refa." Kanisani katibu alisoma kwamba Refa ametoa debe la mahindi. Mwaka aliogombea ujumbe wa serikali ya kijiji, jina lake la ubatizo lilibandikwa ukutani, watu wakaulizana huyu mgeni katokea wapi. Walipoambiwa ni Refa, walimnyima kura kwa kumfahamu.

Nilikutana naye kwa sababu ya pancha. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita nikaanza kufuata malori, na siku hiyo lori la vitunguu nililolipanda lilipasua tairi Iguguno. Nikaenda kutazama mpira. Mshika kibendera wa upande mmoja hakutokea, alikuwa kwenye alizeti zake. Refa alinikuta pembeni ya uwanja natafuna muwa, akanipa fito iliyofungwa kitambaa chekundu.

"Wewe una macho," akasema. "Kaa upande ule. Ukiona jambo, usiinue mpaka nikutazame."

"Na usiponitazama?"

"Basi halijatokea."

Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Kibendera. Niliondoka na malori na kurudi nayo, na kila niliporudi katika msimu wa ligi ya tarafa fito ilikuwa inaningoja.

Sheria za mpira zinasema refa awe karibu na tukio. Refa wetu aliona ni haki zaidi tukio ndilo lije karibu na refa. Alisimama kwenye duara la kati, suruali yake nyeusi fupi ikiwa imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kitunguu, na toka pale alihukumu dunia. Wachezaji wazoefu walijua: ukitaka kuchezewa faulo, chezewa karibu na duara. Kwenye boksi la upande wa magharibi, ambako uwanja una mteremko, sheria ya nchi ilikuwa haifiki. Nimeona beki wa Nduguti akimshika mshambuliaji shingoni kule, wakaongea kidogo, akamwachia, na Refa akaashiria kona.

Wakati ule sikujua sababu. Nilidhani ni uvivu, na uvivu ulikuwepo, sitaki kumwondolea. Lakini lilikuwa goti. Goti la kulia la Refa lilikuwa limekwisha zamani, na mpira wote wa tarafa ile, vikombe, ugomvi, watu kutosalimiana mwaka mzima, uliamuliwa na umbali ambao goti lile lingeweza kumfikisha mwenyewe.

Kulalamika kuliruhusiwa, ila kwa adabu. Mchezaji alimfuata mbio, jasho linamtiririka, anapiga kelele:

"Refa, ile ni penalti!"

"Kwanza?"

"Shikamoo Refa."

"Marahaba. Si penalti."

Na mchezaji angefanya nini? Ameshaamkia. Huwezi kumwamkia mtu mzima halafu hapohapo ukamtukana. Refa aligundua ulinzi huu mwenyewe na nasema kweli sijawahi kuona kadi nyekundu iliyofanya kazi kama ile shikamoo.

Alikuwa na misemo yake. "Filimbi haiombi radhi." "Mpira ni dakika tisini, lakini dakika ni zangu." Ukimwambia saa yake imesimama, alikujibu kwamba na yeye amesimama na mechi inaendelea. Fedha hakula. Nilichunguza sana, maana mimi jambo nisilolijua huniwasha kama upupu, na sikuona hata noti moja ikipita. Kuku alikula. Timu hii ilimletea kuku asubuhi, timu ile ikamletea kuku mchana, akawala wote wawili, jioni akatoa sare. "Sipendi kuonekana napendelea," alisema, paja liko mkononi.

Lakini mtu yule yule nilimwona akimpa kadi nyekundu mume wa binti yake, mbele ya wazazi wa kijana waliokuwa wamekaa kwenye viti vya wageni, tena kwa kosa ambalo nusu ya uwanja haikuliona. Mkwe alitoka analia. Refa jioni ile hakupewa chakula nyumbani kwake, akaja kula kwangu kwenye stoo ya vitunguu, wala hakulizungumzia. Kwa hiyo usimkadirie haraka. Mimi nimeshindwa miaka yote hii.

Kitu kingine: alikuwa mwenda kwa wagonjwa hodari kuliko wote Iguguno. Mchezaji akivunjika, mama mjamzito akilazwa, mzee akiharisha, Refa alikuwa wa kwanza kupiga hodi. Alikaa kwenye kigoda chao, akasema pole, akasimulia mechi za zamani, na hakuondoka mpaka supu ilipoiva. Walisema ana huruma. Mimi nilisema ana pua. Vyovyote iwavyo, kijiji kizima kilikuwa kimetembelewa na Refa kitandani, na kijiji hakisahau.

Goti lenyewe aliliita upepo. Upepo wa Singida, kila mtu anajua, unavuma kana kwamba umetumwa, na Refa alieleza kwamba kwa miaka yote ya kusimama uwanjani upepo huo umemwingia kwenye kiungo ukakosa pa kutokea. Alilipaka mafuta ya kondoo. Alilifunga kitambaa. Kwenye fainali moja goti likakataa kabisa: alisimama kwenye duara kipindi kizima bila kusogea hata hatua, mpira ukaja ukampiga mgongoni, akaanguka, na kuinuka ikashindikana. Watu walicheka kwanza. Ndipo wakamwona anavyokunja uso, wakamtoa kwenye kitanda cha kamba, filimbi ikiwa bado mdomoni, kila akishusha pumzi inalia kidogo.

Watoto wake wakampeleka hospitali kubwa nje ya mkoa. Walimpasua, wakatoa goti lililosagika, wakaweka la chuma na plastiki. Aliporudi nilikwenda mbio kumwona, nikiri kwamba nilifuata chuma zaidi ya mwenye goti. Nilitaka kujua kama kinalia ukikigonga. Alinionyesha mshono mrefu, umesimama katikati ya goti kama zipu.

"Gusa, lakini usigonge," akasema. "Hiki si mali yako."

Wiki mbili baadaye lori letu lilikuwa linakwenda mjini, nikampandisha mbele kwa dereva na kumfikisha kliniki ya mazoezi. Tulimkuta binti mwembamba, koti jeupe, anakunja mikono ya koti kama mtu anayetaka kukanda unga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Wa mazoezi ndiye mimi. Leta goti."

Refa alinitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza naona mtu anamwamkia na kumwamuru katika pumzi moja. Dawa aliyoitumia kwa wachezaji miaka yote alikuwa amenyweshwa yeye, na ilikuwa chungu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekimbia uwanjani kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana limeisha, baba. Lala hapa."

Mazoezi ya kwanza yalimdhalilisha kwa udogo wake. Kanyaga kwa kisigino kama unakanyaga breki, achia, kanyaga. Kandamiza godoro kwa nyuma ya goti, shikilia, achia. Inua mguu ukiwa umenyooka, ushushe polepole. Refa alikasirika. "Haya ndiyo nimesafiria? Mazoezi ya kulala?" Kisha akajaribu kuinua ule mguu ulionyooka na mguu haukuinuka. Aliutazama kama mchezaji aliyekataa kutoka nje baada ya kadi. Akauamuru tena. Mguu ukatetemeka, ukabaki palepale.

Halafu likaja la kukunja. Buruta kisigino kuelekea makalio, taratibu, mpaka goti likatae, halafu ongeza kidogo.

"Hiyo ni faulo!" Refa akapiga kelele.

"Hapa hakuna faulo, baba. Cheza."

"Mapumziko!"

"Bado."

Aliuma kola ya shati. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mshambuliaji aliyewahi kushikwa shingo kwenye boksi la magharibi.

Mwishoni yule binti alimkalisha akamweleza wazi. Ndani ya goti kuna kovu linajijenga. Likikauka kabla goti halijajifunza kukunja, litabaki hivyo, kama udongo wa mfinyanzi uliosahauliwa juani. "Kila siku ukunje, liume au lisiume. Uamke, utembee. Na mto usiweke chini ya goti, hata likikubembeleza. Goti linapenda mto, lakini likizoea kulala limejikunja, kunyooka ndiyo basi. Ukifanya utani, baba, utatembea kama ngazi."

"Nimesikia," Refa akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwajibu makocha.

Sasa hapa inabidi niseme jambo la kwetu, maana bila hilo mtu atadhani Refa alikuwa mjinga tu.

Mgonjwa kwetu hukutwa amelala. Hujafundishwa, unakua unajua hivyo. Mtu ametoka Nduguti na kuku kwapani, ametembea, amejiandalia maneno ya pole. Akikukuta umesimama mlangoni unanyoosha mguu, pole atampa nani? Kuku atamkabidhi nani? Utakuwa umemfanya mjinga mbele ya kuku wake. Kwa hiyo mgonjwa mwenye adabu akisikia hodi hujilaza, hutafuta sauti ya chini, na hunyanyua mkono kwa shida. Hapo mgeni huridhika, huketi, kuku hufungwa kwenye mguu wa kitanda.

Na Refa alikuwa na wageni! Kila kitanda alichowahi kukitembelea kilikuja kumlipa. Walikuja wa Iguguno, wakaja wa vijiji vya ndani, wakaja wachezaji aliowapa kadi na makocha aliowanyima penalti. Hodi ya asubuhi, hodi ya mchana, hodi ya jioni. Kila hodi, Refa kitandani. Na kwa kuwa amelala muda mrefu na goti linavuta, mgeni mmoja akamwekea mto chini yake kwa upendo, na ule mto haukutoka tena. Ulikuwa na maua yaliyodariziwa. Goti lilitulia juu yake kama kuku atamiaye.

Ushauri ulikuja pamoja na kuku. Usilichokoze goti. Chuma kinahitaji kupoa. Acha damu ijitafutie njia. Mtu aliyekuletea kuku hawezi kukushauri ujisumbue, maana ukipona haraka kuku wake ataonekana alikuja bure. Refa aliwasikiliza wote kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuuonyesha mahali popote. Alisimulia upasuaji, na kila aliposimulia, kisu kilikuwa kirefu zaidi. Kwa mara ya kwanza watu walikuja kumwona bila kudai chochote. Nadhani hilo lilimlevya kuliko supu.

Mkewe, tuliyemwita Mama, hakulevywa. Yeye ndiye aliyefukuza, kuchinja, kunyonyoa na kupika. Yeye ndiye aliyembeba Refa kwapani mpaka chooni na kumshika pale, maana choo ni cha kuchuchumaa na goti halichuchumai. "Kuku wanaingia kwa mlango wa mgonjwa," aliniambia siku moja ameshika kiuno, "wanatokea kwenye mgongo wangu."

Mimi nilijaribu. Msimu wa vitunguu ulikuwa umeisha na sikuwa na lori. Kule kliniki nilikuwa nimeona ubao laini wa kuburutia kisigino, umenyunyizwa poda. Nikatafuta ubao, nikaupiga msasa, na kwa kuwa poda hatukuwa nayo nikanyunyiza unga. Refa aliweka kisigino, kikateleza vizuri, akaguna, kikateleza tena. Mama akaingia.

"Unga wa ugali unafanya nini mguuni?"

"Ni tiba, Mama," nikasema.

"Basi jioni mtakula ubao."

"Umeona?" Refa akaniambia kwa furaha, akirudisha mguu kwenye mto. "Mechi imevunjika. Si mimi, ni mashabiki."

Siku zikaenda. Kliniki akaacha kwenda: mara hakuna gari, mara kuna mgeni anatoka mbali. Nilimwambia kwamba goti lake linavyoonekana sasa halinyooki wala halikunji. Akasema kiungo kinapumzika.

Mchana mmoja kuku mmoja akakata kamba. Mama alikuwa mashineni kusaga, nami nilikuwa uani natengeneza mlango wa banda. Kuku akatoka nje, Refa nyuma yake. Aliacha gongo lake la kutembelea kitandani. Alitoka na kipande cha ufagio, akamzunguka yule kuku kati ya mabua ya alizeti, akamwekea mtego kushoto, akamgeukia kulia, anachechemea lakini anakwenda, na mdomoni anamtukana kwa Kinyiramba. Sijawahi kumwona akikimbilia mpira hivyo.

"Hodi hapa!" Sauti ya mwanamke, toka nje ya uzio.

Refa alidondosha ufagio. Niliona mgongo wake tu unapotea mlangoni. Nilipomwingiza mgeni, mgonjwa alikuwa chali, mto umewekwa, macho yamefumbwa, na pumzi zinatoka moja moja kama za mtu anayeaga. Kuku aliingia nasi.

Mgeni alikuwa amevaa kanga na ameshika mfuko wa sukari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Refa akanong'ona. "Nani huyo? Macho hayaoni vizuri."

"Kumbe goti limefika mpaka machoni?"

Jicho moja likafunguka. Alikuwa yule binti wa mazoezi. Anakwenda kwa mama yake Nduguti, ameshuka Iguguno kubadili gari, ameuliza kwa Refa ni wapi, na mtu wa kumwelekeza hakukosekana.

"Nilisimama pale kwenye uzio," akasema, "nikakutazama na huyu kuku. Ulipogeuka kulia uligeukia mguu gani?"

Refa akalifumba tena lile jicho. Mimi nikajibu, "Wa chuma."

"Nilidhani hivyo." Akautoa mto mwenyewe, akanipa. Akachomoa kwenye mkoba rula yake ya plastiki yenye mikono miwili, akaipanga ubavuni mwa goti, akamwambia anyooshe. Akamwambia akunje. Nilikuwa nangoja utani mwingine. Haukuja. Alirudisha rula, akakaa ukingoni mwa kitanda, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Baba, limerudi nyuma. Siku ile ulipokuja mara ya kwanza lilikuwa linakunja zaidi ya hivi. Linaanza kufunga. Na kunyooka halinyooki, kwa sababu ya huo mto. Bado kuna wiki chache. Zikipita, itabidi wakulaze tena usingizi, walikunje kwa nguvu ukiwa hujitambui. Na hata hapo hakuna wa kukuahidi kitu."

"Watalikunja nimelala?"

"Ndiyo."

"Na nani atasimamia?"

Yule binti hakuelewa, lakini mimi nilielewa. Mtu huyu maisha yake yote hakuna jambo lililotokea mpaka alitazame. Sasa watu wangelishika goti lake na kulivunja kovu naye hayupo kusema ni sawa au si sawa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na debe la unga kichwani. "Binti, mwambie na lingine," akasema. "Muulize siku mgongo wangu ukikatika, nani kati ya hawa wa kuku atamshika chooni."

Refa akageukia ukutani. Binti akaacha sukari, akaaga. Hakuna aliyemla yule kuku siku hiyo.

Kesho yake Mama alitoa godoro akalianika juu ya uzio. Alisema kunguni. Kunguni hawakuwepo. Lilikaa juu ya uzio mpaka jioni, na keshokutwa pia, na Refa akabaki hana pa kulala mchana ila benchi la mbele ya nyumba, hapo ambapo kila aendaye mashineni anapita. Akalia kwanza, yaani alilia kwa maneno. Halafu akaweka kisigino kwenye ubao wangu. Mama akanyunyiza unga mwenyewe.

Mgeni wa kwanza kumkuta hivyo alikuwa kocha wa Nduguti, mtu wa kishindo, jogoo mwekundu kwapani.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Si ndiye huyo," Mama akasema.

"Huyu amekaa."

"Amekaa, ndiyo."

Kocha akamtazama Refa anavyoburuta kisigino, meno yametoka, jasho mpaka kidevuni. "Refa, mimi niliambiwa uko hoi."

"Shikamoo kwanza," Refa akasema.

"Shikamoo. Basi jogoo wangu nirudi naye."

"Marahaba. Kuku aliyeingia kwa mgonjwa ni wa mgonjwa."

"Hajaingia! Tuko nje!"

Refa akanigeukia. Alinitazama kabisa, kwa macho mawili, jambo ambalo uwanjani hakulifanya mara nyingi. "Kibendera. Jogoo amevuka mlango?"

"Hajavuka," nikasema.

Alifikiri kidogo. Nilikuwa tayari kusikia kwamba sina macho. "Basi mchukue," akamwambia kocha, na akaendelea kuburuta kisigino.

Habari ilifika sokoni kabla ya jogoo. Refa mzima! Refa alikuwa anakula kuku zetu anacheza mpira uani! Hodi zikakatika kama maji ya bomba. Watu wale wale waliomwekea mto sasa walipita barabarani wakigeuza shingo upande wa pili, na wengine, waliokuwa wakali zaidi, walisimama kumtazama kama mechi ya bure. Wakamhesabia kwa sauti. Alipokosea walizomea. Alipolia walimwambia filimbi haiombi radhi. Nilisikitika kidogo, lakini kidogo tu. Wengi wao walikuwa na haki yao iliyopotelea magharibi ya uwanja.

Usidhani aligeuka malaika. Aliiba hata hapo. Alihesabu nne, tano, nane. Alitangaza mapumziko kila jua lilipogusa bati. Aliniambia maumivu yameotea, kwa hiyo zoezi hili halihesabiwi. Mama akawa anakaa mbele yake na alizeti za kupukuchua, na akiruka namba anamrudisha mwanzo bila kuinua uso. Alirudi kliniki. Goti likaanza kulegea, kidogo kidogo, kama mtu anayelazimishwa kukubali bao.

Halikurudi lote. Lilifika pale linapomwezesha mtu kukaa kwenye kiti na nyayo zote mbili zikagusa chini, lakini kuchuchumaa, hapana. Seremala akamchongea kiti chenye tundu kwa ajili ya choo, na Mama akapumzisha mgongo. Kiasi kilichobaki cha kukunja, yule binti alisema, kingepatikana wiki zile za mto. Filimbi ilikwenda kwa mwalimu mmoja kijana ambaye hukimbia uwanja mzima, boksi hadi boksi, na sasa watu wanalalamika kwamba anaona mno.

Mimi nikaondoka, kama kawaida yangu. Nilikaa Mkiwa muda mrefu nikiziba pancha za malori pale njiapanda, na mwaka huu, baada ya mavuno, nikapata lori linalopita Iguguno. Nilimwomba dereva aniache dakika chache nikasalimie. Nilimkuta peke yake kwenye benchi, nywele zimekuwa nyeupe. Alianza kumsema yule refa mpya kabla sijamaliza shikamoo. Kijana hana subira. Kijana anapuliza kama anapoza chai. Mama alikuwa shamba, hakuna aliyemkatiza, na mimi nilikuwa nimesahau jinsi mtu huyu anavyoweza kuongea.

Dereva akapiga honi. Nikasimama kuaga.

Refa naye akasimama. Alishika ukingo wa benchi, akasogeza nyayo nyuma, akainuka, bila kuguna.

"Kaa tu, Refa. Barabara ninaijua."

"Mgeni hasindikizwi na benchi," akasema.

Tukatembea. Hakuwa na gongo. Alikwenda kwa mwendo wake ule wa uwanjani, wa mtu ambaye mambo yatamngojea, na dereva akapiga honi tena na Refa hakuharakisha hata unyayo. Kati ya nyumba na lami kuna mtaro mpana wa mawe uliochimbwa wakati barabara ilipojengwa. Wenyeji husindikiza mpaka pale, wakaagana na wageni. Nilisimama nikamnyooshea mkono wa kwaheri. Aliutazama, akanishika bega badala yake.

Yule binti alimfundisha: kushuka, mguu mbaya utangulie, kupanda, mguu mzima. Alishuka hivyo, akilibana bega langu kwa vidole kama nondo za dirisha. Jiwe moja lilicheza, akasubiri litulie. Akapanda upande wa pili. Mtu ambaye hakuwa amenyamaza tangu nifike hakusema neno mpaka tuliposimama kwenye lami.

"Haya nenda," akasema. "Unachelewesha watu."

Nikapanda lori. Dereva alikuwa anamalizana na wauza vitunguu, kwa hiyo nilimwona vizuri toka juu. Refa alikuwa ameugeukia mtaro, sasa peke yake, na bega la kushika nilikuwa nimeondoka nalo. Alisimama ukingoni muda mrefu. Upande wa pili wa mtaro mama mmoja muuza vitunguu akainuka kwenye gunia lake, akamnyooshea mkono.

"Refa, ngoja nikushike."

"Nani kakuita?"

"Haya. Ukianguka humo usituite!"

"Nikianguka mtakuja wenyewe," Refa akasema. "Nawafahamu."

Akatanguliza mguu mbaya.